Malalamishi dhidi ya wauguzi: Kwa nini mengi huishia langoni mwa hospitali

NI wakazi wachache wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi wasio na kisa cha kusimulia kuhusu wadi ya hospitali. Ndani ya matatu za kuelekea Kayole na Dandora, vibandani Gikomba na katika nyua za nyumba kongwe za Kaloleni na Shauri Moyo, visa hivyo husimuliwa kwa namna inayofanana. Mgonjwa aliita, hakuitikiwa. Dripu iliisha, damu ikaanza kupanda kwenye mrija. Mama aliyekuwa na uchungu wa uzazi alikemewa alipolia. Jamaa walipouliza, waliambiwa wamngoje daktari.

Mwisho wa visa hivyo nao ni mmoja. Jamaa hutafuta pesa, hulipa, humchukua mgonjwa wao, au maiti ya mgonjwa wao, na kwenda zao. Langoni hutolewa maneno makali mbele ya askari ambaye hana uwezo wowote, kisha mambo huishia hapo. Wiki moja baadaye muuguzi aliyelalamikiwa yuko kwenye zamu yake kama kawaida, na huenda hata hajui kwamba alilalamikiwa.

Hata hivyo, kipo kisa kimoja cha Eastlands ambacho hakikuishia langoni. Kilianzia katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani na kikafika Mahakama Kuu. Safari yake inafaa kufuatwa kwa makini na yeyote anayetaka kujua jinsi lalamishi la mgonjwa maskini linavyoweza kusikilizwa, na kwa nini mengi hayasikilizwi.

Pumwani ilianzishwa mwaka 1926 na mke wa Gavana Edward Grigg, na kwa miaka kadhaa iliitwa kwa jina la mama huyo. Mwaka 1944 ilichukuliwa na serikali ya mji. Ina vitanda zaidi ya 300 na ni miongoni mwa hospitali kubwa zaidi za uzazi katika Afrika kusini mwa Sahara. Wapo wakazi wa Majengo, Eastleigh, Bahati na Mathare waliozaliwa hapo, wakazalia watoto wao hapo, na sasa wanawasindikiza mabinti zao hapo hapo.

Mnamo Septemba 2010, mama mmoja alijifungua Pumwani na akashindwa kulipa bili. Hakuruhusiwa kwenda nyumbani. Alizuiliwa kwa siku 24 pamoja na mtoto wake mchanga, wakilala sakafuni karibu na choo kilichokuwa kikifurika maji. Miezi miwili baadaye, Novemba mwaka uo huo, mama mwingine aliyejifungua kwa upasuaji alizuiliwa hapo kwa siku sita kwa sababu iyo hiyo.

Wakati huo hospitali za umma zilikuwa na utaratibu wa kuwaondolea malipo wagonjwa wasio na uwezo. Lakini utaratibu huo ulikuwa kama hazina iliyofukiwa. Mgonjwa hakuelezwa kwamba upo, hakujua amwone nani, wala hakujua ni vigezo gani vingetumiwa kuamua kwamba yeye ni maskini wa kutosha.

Kina mama hao hawakuwa wa kwanza kutendewa hivyo. Mwaka 2007, chama cha mawakili wanawake, FIDA-Kenya, pamoja na shirika la kimataifa linalotetea haki za uzazi, Center for Reproductive Rights, vilikuwa vimechapisha ripoti kuhusu masaibu ya wanawake katika vituo vya afya nchini. Pumwani ilitajwa mara nyingi. Wanawake walieleza jinsi walivyotukanwa, walivyoachwa peke yao wakati wa kujifungua, walivyoshonwa bila dawa ya kutosha ya ganzi, walivyolala wawili au zaidi kitandani, na walivyotakiwa kuja na pamba na glavu zao. Wauguzi nao walisikika katika ripoti hiyo, wakieleza jinsi walivyokuwa wachache na jinsi vifaa vilivyokuwa haba.

Mwaka 2009 mashirika hayo mawili yaliwasilisha malalamishi rasmi kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR). Tume ilifanya uchunguzi wa wazi mwaka 2011 na kutoa ripoti yake mwaka 2012. Mwaka huo huo wa 2012, kina mama wawili wa Pumwani walienda Mahakama Kuu.

Jaji Mumbi Ngugi alitoa uamuzi wake Septemba 17, 2015. Alisema kuzuiliwa kwa kina mama hao hakukuwa na msingi wa kisheria, na kwamba kulikiuka haki zao za uhuru, heshima na afya. Mama wa kwanza alipewa fidia ya Sh1.5 milioni na wa pili Sh500,000. Zaidi ya hayo, Jaji aliiagiza serikali iweke mwongozo ulio wazi kuhusu namna ya kuwaondolea malipo wagonjwa wasiojiweza, na ichukue hatua za kuzuia hospitali kugeuka jela ya wadeni.

Mtu anaweza kusema kwamba kesi hiyo ilihusu pesa, si uuguzi. Lakini mama aliyetoka tu kujifungua ni mgonjwa anayestahili kuangaliwa. Anapolazwa sakafuni karibu na choo huku wauguzi wakipita, hilo ni suala la uuguzi kama lilivyo suala la bili. Kuna aliyempima joto la mwili? Kuna aliyekitazama kitovu cha mtoto? Siku 24 ni zamu nyingi za wauguzi.

Hapa ndipo panapofaa kuulizwa, uuguzi mbaya ni nini hasa? Jamaa wa mgonjwa wanapolalamika, mara nyingi husema "walimpuuza". Neno hilo ni la kweli lakini halimsaidii anayechunguza. Kazi ya muuguzi ina vipimo vyake, navyo vinajulikana.

Mama aliye katika uchungu wa uzazi anatakiwa kuangaliwa kwa ratiba, na mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni kusikilizwa takriban kila nusu saa na kuandikwa. Baada ya kujifungua, kutokwa na damu huchunguzwa mara kwa mara katika saa 24 za kwanza. Shinikizo la damu hupimwa punde mtoto anapozaliwa na tena kabla ya saa sita kupita. Hiyo si anasa ya hospitali za matajiri. Kuvuja damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza katika kuwaua kina mama wazazi, na mama anaweza kufa kwa muda mfupi akiwa amefunikwa shuka vizuri, kila anayepita akidhani amelala. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa nchini Kenya kina mama 355 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wakiwa hai.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, kwa mfano aliyepooza baada ya kiharusi, hugeuzwa takriban kila saa mbili. Asipogeuzwa, ngozi ya mgongo, nyonga na visigino huanza kuharibika na kuwa vidonda vya kulalia. Kidonda kikubwa cha aina hiyo kinachotokea akiwa wadini ni ushahidi unaojisomea wenyewe, kwa kuwa mara nyingi kinaeleza jinsi saa zilivyopita bila mgonjwa kuguswa.

Wauguzi hufundishwa pia kanuni nyingine ambayo jamaa wengi hawaijui: jambo ambalo halikuandikwa katika faili ya mgonjwa huhesabiwa kuwa halikufanyika. Kwa hiyo faili ndiyo shahidi mkuu katika lalamishi lolote. Kuna faili ambazo huwa tupu kwa saa kumi mfululizo. Zipo pia zinazojazwa baadaye kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, vipimo vyote vikifanana. Anayezisoma kwa kazi yake hutambua tofauti.

Lakini kabla ya kufika kwenye faili, haki haina budi kutendwa kwa upande wa pili pia. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Muuguzi wa hospitali ya umma ya Eastlands mara nyingi ana wagonjwa wengi kuliko uwezo wa binadamu mmoja, hasa zamu ya usiku. Juni 1, 2013, serikali ilipotangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma kungekuwa bila malipo, kina mama waliongezeka wadini mara moja. Wauguzi hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwaka huo huo huduma za afya zilihamishiwa kaunti, na mizozo ya mishahara na ajira ikafuata. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 ulianza Juni na haukumalizika hadi Novemba.

Septemba 2020, picha za mama aliyejifungua nje ya lango la Pumwani zilisambaa nchini kote wakati wahudumu walikuwa wamepunguza kazi kutokana na mzozo na mwajiri. Hasira ya umma iliwaendea waliokuwa ndani ya lango. Swali la nani aliyeacha mzozo ufike kiwango hicho halikuulizwa kwa sauti kubwa kama hiyo.

Ni muhimu, basi, mlalamishi atenganishe mambo mawili. La kwanza ni yale ambayo hayawezi kusingiziwa uhaba wa wafanyakazi: matusi, kofi, kudai hongo, kukataa kumwita daktari, kusema kipimo kimefanywa ilhali hakikufanywa. Haya ni ya mtu binafsi. La pili ni yale ambayo muuguzi mmoja hangeweza kuyazuia hata angekuwa malaika: wadi ya wagonjwa 60 yenye muuguzi mmoja, ukosefu wa damu, mashine ya oksijeni iliyoharibika. Haya ni ya msimamizi wa hospitali na serikali ya kaunti. Lalamishi linalomwangushia muuguzi kosa la kaunti humfaa sana afisa wa kaunti, kwa sababu muuguzi atahamishwa na wadi itabaki jinsi ilivyokuwa.

Kisa cha Hospitali Kuu ya Kenyatta mapema mwaka 2018 kinaonyesha jinsi mambo hayo yanavyoingiliana. Mgonjwa mmoja alipasuliwa kichwa badala ya mwenzake baada ya vibandiko vya majina kuchanganywa. Daktari wa upasuaji, wauguzi na mtaalamu wa dawa ya usingizi walisimamishwa kazi. Madaktari wenzao walilalamika kwamba aliyeshika kisu alikuwa anabebeshwa kosa lililoanza mapema zaidi, wadini, ambako mgonjwa hupewa jina lake. Afisa mkuu wa hospitali naye alipewa likizo ya lazima.

Kuhusu ukubwa wa tatizo, upo utafiti unaoaminika. Mradi ulioitwa Heshima uliwahoji wanawake 641 waliojifungua katika vituo 13 vya afya nchini Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Mwanamke mmoja kati ya watano alisema alitendewa isivyofaa kwa namna moja au nyingine. Asilimia 18 walisema walidhalilishwa, asilimia 14.3 kwamba walipuuzwa au kutelekezwa, asilimia 8.1 kwamba walizuiliwa kwa sababu ya malipo, na asilimia 4.2 kwamba waliguswa kwa ukatili, kama vile kupigwa. Takwimu hizo zina sura mbili. Zinamaanisha kwamba wanne kati ya watano hawakuwa na lalamiko, jambo ambalo wauguzi wana haki ya kulitaja. Lakini katika hospitali yenye wanaojifungua makumi kila siku, mmoja kati ya watano ni watu wengi mno.

Kofi lilifika mahakamani pia. Agosti 2013, katika hospitali ya Bungoma magharibi mwa nchi, mama mmoja alikosa kitanda katika chumba cha kujifungulia, akazaa kwenye sakafu ya ujia. Alipopata fahamu, wauguzi walikuwa wakimpiga na kumtukana kwa kuchafua sakafu. Tukio hilo lilinaswa kwa kamera ya simu. Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni aliamua kwamba haki na heshima ya mama huyo zilikiukwa, akaagiza alipwe Sh2.5 milioni na aombwe radhi rasmi. Jambo la kuzingatiwa katika uamuzi huo ni kwamba lawama haikuishia kwa wauguzi wawili. Serikali ya kaunti na ile ya kitaifa pia zilipatikana na makosa kwa kutotenga raslimali na kutosimamia huduma ipasavyo.

Sheria, kwa hivyo, iko upande wa mgonjwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma bora ya afya, ikiwemo ya uzazi, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 28 kinalinda heshima yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema katika kifungu cha 14 kwamba mtu yeyote ana haki ya kulalamika kuhusu jinsi alivyotendewa katika kituo cha afya, na lalamishi lake kuchunguzwa. Serikali zote mbili zinatakiwa kuweka na kutangaza utaratibu wa kupokea malalamishi hayo. Mkataba wa haki za wagonjwa, uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013, unasema vivyo hivyo.

Kinachomzuia mkazi wa Eastlands si ukosefu wa sheria. Kwanza ni hofu. Mgonjwa bado yuko kitandani. Anayemlalamikia muuguzi saa saba mchana anajua kwamba muuguzi huyo, au rafiki yake, ndiye atakayekuwa na ufunguo wa kabati la dawa saa nane usiku. Ndiyo maana jamaa wengi hunyenyekea, humwita kila mmoja "sista" au "daktari" kwa sauti ya upole, na kuacha soda mezani.

Hofu hiyo ina msingi, na si haki kumcheka mtu kwa kuwa nayo. Lakini zipo njia za kuipunguza. Kwa jambo la dharura, lalamishi la mdomo lipelekwe mara moja kwa muuguzi msimamizi wa wadi, na likikwama, kwa msimamizi wa zamu wa hospitali nzima, ambaye huwepo hata usiku. Azungumze mtu mmoja kwa niaba ya familia, kwa utulivu, akitaja kinachohitajika sasa: "Mgonjwa anavuja damu, tunaomba apimwe shinikizo." Kwa maandishi, lalamishi kamili linaweza kungoja hadi mgonjwa aruhusiwe kutoka.

Kikwazo cha pili ni cha ajabu kidogo. Jamaa hawajui walihudumiwa na nani. Katika wadi moja hupita muuguzi, afisa wa kliniki, daktari, daktari aliye katika mwaka wa mafunzo na mwanafunzi wa uuguzi, na wote huitwa "daktari". Lakini kila mmoja ana baraza lake. Muuguzi hushtakiwa kwa Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo linaweza kumwonya, kusimamisha leseni yake au kulifuta jina lake kwenye sajili. Afisa wa kliniki ana Baraza la Maafisa wa Kliniki. Daktari huchunguzwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo pia ndilo linalozipa hospitali leseni. Barua inayosema "daktari mwanamke mwenye koti jeupe" huweza kuzungushwa kati ya afisi hizo kwa miezi. Jina kwenye beji, au angalau saa na zamu, huokoa muda mwingi, kwa kuwa hospitali huweka orodha ya waliokuwa kazini.

Barua yenyewe haihitaji Kiingereza cha wakili, na Kiswahili ni lugha rasmi. Inahitaji jina la mgonjwa na nambari yake ya hospitali, tarehe ya kulazwa, wadi, na matukio kwa mfuatano wa saa. "Saa tatu usiku mgonjwa alisema anasikia kizunguzungu. Tulimwambia muuguzi. Saa tano hakuna aliyekuwa amekuja." Sentensi tatu kama hizo zina uzito kuliko kurasa mbili za ghadhabu. Nakala ipelekwe kwa msimamizi wa hospitali, nyingine Idara ya Afya ya Kaunti, nyingine kwa baraza husika. Ile inayobaki kwa mlalamishi ipigwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri hupotea kwa urahisi wa ajabu.

Pamoja na barua hiyo, familia inaweza kuomba nakala ya rekodi za matibabu. Katiba, katika kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria iliyopitishwa mwaka 2016 inaitaka afisi ya umma kujibu katika muda wa siku 21, au saa 48 iwapo habari hizo zinahusu uhai au uhuru wa mtu. Afisi ikinyamaza, lalamishi linaweza kupelekwa kwa tume ya kushughulikia malalamishi ya umma, ambayo wengi huijua kama Ombudsman. KNCHR nayo ingali inapokea malalamishi kuhusu ukiukaji wa haki.

Ushahidi wa simu umesaidia wengi, kama ulivyosaidia Bungoma. Hata hivyo, mgonjwa wa kitanda cha pili hana kosa, na siri ya ugonjwa wake inalindwa na sheria. Picha ya kidonda cha mgonjwa wako, kwa idhini yake, au ya dripu iliyokauka ikiwa na saa, ni ushahidi. Video ya wadi nzima iliyotupwa mitandaoni inaweza kumgeuza mlalamishi kuwa mshtakiwa.

Jambo gumu kuliko yote hutokea mgonjwa anapofariki. Desturi ya familia nyingi za Eastlands ni kufanya mikutano ya mchango jioni, kukodi gari na kuusafirisha mwili kwenda kuzikwa mashambani, wakati mwingine mamia ya kilomita kutoka Nairobi. Katika shughuli hizo, upasuaji wa maiti huonekana kuwa gharama na usumbufu, na kwa baadhi ni kumsumbua marehemu. Mwili unapozikwa bila kuchunguzwa, swali la aliuawa na nini hubaki bila jibu, na hospitali itakapoandika kwamba ugonjwa ulikuwa umezidi, hakutakuwa na wa kuipinga. Familia yenye shaka inapaswa kuomba uchunguzi kabla ya maiti kuondoka katika chumba cha kuhifadhia maiti, na ikiwezekana daktari wa upande wake awepo. Kufukua kaburi baadaye kunahitaji amri ya mahakama.

Kuna pia suala la muda, ambalo limezizika kesi nyingi nzuri. Anayetaka kudai fidia kwa uzembe wa kawaida huwa na miaka mitatu tangu tukio, lakini anapoishtaki serikali, muda huo ni miezi 12 tu. Familia nyingi huanza kuzungumza na wakili baada ya matanga, baada ya kumaliza madeni ya mazishi, na baada ya kungoja jibu la hospitali ambalo halikuja. Kufikia hapo mwaka umekwisha. Kesi ya kikatiba, kama ile ya Pumwani, haina kikomo hicho, ingawa mahakama huuliza sababu ya kuchelewa. Barua kwa Baraza la Wauguzi haisimamishi saa ya mahakama, wala kwa kawaida baraza hilo halimlipi mtu fidia, linashughulikia nidhamu.

Kuhusu malipo, mambo yamebadilika tena. Hazina ya NHIF, iliyokuwa ikisimamia mpango wa Linda Mama, iliondolewa, na tangu Oktoba 2024 ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inayogharamia wagonjwa waliojisajili. Mama mjamzito ambaye hajajisajili anaweza kujikuta na bili mkononi. Akijikuta hivyo, amwombe afisa wa huduma za jamii wa hospitali, kwa maandishi, aangalie uwezekano wa kuondolewa malipo, na aweke nakala. Kina mama wawili wa mwaka 2010 hawakuelezwa kwamba afisa wa aina hiyo angeweza kuwasaidia. Ilichukua miaka miwili kesi yao kufika mahakamani na mingine karibu mitatu kuamuliwa. Siku ya hukumu, watoto waliolala nao hospitalini walikuwa wamefikia umri wa kwenda shule.